Jiwe Halina Haraka

Leo tutafakari pamoja habari ya jiwe.

Hapa Kisii tunalijua jiwe. Kule Tabaka mafundi hulichonga sanamu na mabakuli. Hata udongo mwekundu unaotupa ndizi na chai, sehemu kubwa yake ni mwamba wa kale wa volkano uliooza polepole kwa mvua. Lakini jiwe lina kazi nyingine, nayo ni wachache wanaoifikiri: husaidia kuilinda dunia isiwe tanuri wala barafu.

Hewa ya ukaa iliyo angani ni kama blanketi la dunia. Mvua inaponyesha huichukua kidogo, na maji yakapata ukali mdogo, kama maji yaliyotiwa tone la ndimu. Maji hayo huula mwamba. Hewa ile na chokaa ya mwamba huyeyuka pamoja, zikachukuliwa na mto Gucha mpaka Ziwa Victoria, na sehemu yake hufuata Mto Nile mpaka bahari ya Mediteranea. Baharini viumbe wadogo hujijengea magamba kwa chokaa, nayo magamba hulala chini yakawa mawe. Volkano, kama Oldoinyo Lengai ya Tanzania, huirudisha hewa hiyo angani.

Mwaka 1981 wataalamu watatu, Walker, Hays na Kasting, walieleza jinsi mambo haya yanavyopimana. Joto likizidi, mvua huongezeka, mwamba huliwa upesi, na blanketi hupungua. Baridi ikizidi, kazi hiyo hulegea, hewa ya volkano hujikusanya, na joto hurudi. Tukiutazama mpango huu, tunamshukuru Muumba.

Je, basi tukae tu, tukingoja jiwe litutengenezee mambo? La, ndugu zangu. Jiwe halina haraka. Kazi yake huchukua mamia ya maelfu ya miaka. Nasi, kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe, kila mwaka twatoa hewa ya ukaa zaidi ya mara 50 kuliko volkano zote za dunia. Hata mawe ya chokaa tunayoyachoma ili kupata saruji ya nyumba zetu huiachilia hewa iliyofungwa ndani yake tangu zamani.

Mama wa Nyamira aliyekwisha kulima shamba lake, akingoja mvua ya Machi, hawezi kungoja miaka laki moja. Watoto wake pia hawawezi.

Kwa hiyo dawa ya jiwe ipo, ila haikuwekwa kwa ajili ya haraka yetu. Lililo letu ni kupunguza kuchoma, kuitunza miti iliyobaki vilimani, na kuwadai wakubwa wa dunia, wanaochoma zaidi, wafanye vivyo hivyo. Tulichokiharibu kwa upesi, tusimwachie jiwe akirekebishe.