Upelelezi, Mapenzi na Mji: Riwaya Pendwa kama Ushahidi wa Lugha

1. Utangulizi

Katika historia ya fasihi andishi ya Kiswahili ziko kazi zilizosomwa na wengi zikahifadhiwa na wachache. Riwaya za upelelezi, mapenzi na starehe za mjini, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kushamiri hadi miaka ya 1980, ni za kundi hilo. Zilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachanika. Darasani nafasi yake ilikuwa finyu, na wahakiki walizoea kuzipima kwa mizani ya Shaaban Robert au Euphrase Kezilahabi, upimaji ambao hukumu yake ilijulikana kabla haujaanza.

Sasa zimeanza kurejea mezani. Mwanahistoria Emily Callaci, katika kitabu chake Street Archives and City Life (2017), amezisoma kama nyaraka za maisha ya Dar es Salaam baada ya uhuru. Swali la mhadhara huu ni la kiisimu: riwaya hizo zina ushahidi gani kuhusu Kiswahili chenyewe?

2. Kutoka Unguja hadi bara

Msomaji wa Kiswahili alikutana na hadithi ndefu za visa na hatari kupitia tafsiri, kama vile Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilizotolewa mwaka 1929. Riwaya ya upelelezi iliyobuniwa kwa Kiswahili ilipata sura kamili kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na mwenziwe Najum wana nasaba ya wazi na Sherlock Holmes na Watson, lakini hoja zao, mizaha yao na adabu ya mazungumzo yao ni za Kiunguja.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Upelelezi ukahamia Dar es Salaam, na mpelelezi akawa Inspekta Wingo, mtumishi wa polisi. Miaka ya 1970 ikaleta Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi anayetumwa katika mapambano yanayohusu ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na baadaye akafuata Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Bwana Msa alitatua fumbo kwa akili na ujirani. Wingo kwa mamlaka ya cheo. Gamba kwa bastola na safari za ndege. Badiliko hilo la shujaa lilidai badiliko la lugha.

Fani hii haikukaa mbali na burudani nyingine. Vijana waliosoma riwaya ndio walionunua magazeti ya hadithi za picha, likiwamo African Film lenye shujaa Lance Spearman, na ndio waliojaza majumba ya sinema na kumbi za dansi. Hammie Rajab, mmoja wa waandishi mashuhuri wa riwaya hizi, baadaye aliingia katika uongozaji wa filamu. Ukumbi wa muziki, baa na hoteli ni mandhari ya kawaida ya riwaya hizi, kwa kuwa humo ndimo watu wasiojuana walipokutana.

3. Ushahidi wa lugha

Ushahidi wa kwanza umo katika anwani. Abdulla alichota katika hekima na maajabu ya pwani: Duniani Kuna Watu, Mwana wa Yungi Hulewa, Kisima cha Giningi. Waandishi wa bara waliomfuata wakapendelea maneno ya vitisho na utendaji: Kitanzi cha Eddie Ganzel, Kikosi cha Kisasi cha Musiba. Anwani ya kwanza humwalika msomaji kutafakari. Ya pili humwita upesi, kama kichwa cha habari gazetini.

Ushahidi wa pili ni msamiati. Kwa mtu mmoja anayefuatilia uhalifu, Kiswahili kina mpelelezi, askari kanzu, inspekta na kachero. Mpelelezi limezaliwa na kitenzi peleleza. Askari kanzu limetokana na vazi. Inspekta ni cheo kilichokopwa kutoka Kiingereza. Kila neno lina mahali pake: mtu aliyemwogopa askari kanzu hakulazimika kumheshimu inspekta. Vivyo hivyo mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa yana mashina yenye asili ya Kiarabu yaliyovikwa viambishi vya Kibantu, na hutofautisha hatua ambazo mazungumzo ya kila siku huzichanganya. Riwaya ya uhalifu huyatia maneno hayo katika vinywa vya watu na kuonyesha ni nani anayemwita nani kwa jina lipi.

Wa tatu ni majina ya mahali. Segerea ni kata ya Ilala, lakini gereza lake la mahabusu limelipa jina hilo maana ya pili. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia kwamba fulani yuko Segerea, hupima muktadha kwanza: amehamia, au anasubiri kesi? Kamusi haina desturi ya kuingiza maana kama hizo. Matini za mjini ndizo zinazoweza kuonyesha zilivyozaliwa.

4. Pingamizi

Rajmund Ohly aliiita nathari ya miaka ya 1970 ya kichokozi katika utafiti wake wa 1981. Lawama dhidi ya riwaya hizi si za bure. Mwanamke wa mjini mara nyingi huchorwa kama mtego, na mauaji hugeuzwa kuwa burudani. Hata hivyo, kasoro ya maadili haifuti thamani ya ushahidi. Mwanaisimu anayekusanya matusi hayatukuzi. Anataka kujua yalisemwa na nani, kwa nani, na yalimaanisha nini. Kuziacha riwaya hizi kwa sababu ya dosari zake ni kuzificha pia dosari hizo zisichunguzwe.

5. Hitimisho

East African Literature Bureau ilikoma pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Waandishi wengi wakajichapishia wenyewe, kwa matoleo madogo na karatasi dhaifu. Kwa hiyo nakala zilizobaki huenda zikapatikana ndani ya masanduku ya nyumba za Segerea, Temeke na Kinondoni kuliko katika rafu za maktaba. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbele yao: kuzitafuta, kuziorodhesha kwa mwandishi, mwaka na mchapishaji, kuzinakili kwa ridhaa ya warithi, na kuandika kumbukumbu za wasomaji wazee waliozinunua zikiwa mpya. Kazi hiyo haisubiri wahakiki wakubaliane kama riwaya hizi ni fasihi bora. Karatasi inaoza, na wasomaji wake wa kwanza wanazeeka.