Orodha Fupi, Mlango Mkuu: Kompyuta Zinazoaminika Katika Usimamizi wa Faiawoli

Novemba 2024 kampuni ya Marekani ya Palo Alto Networks ilitangaza udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2024-0012. Mvamizi aliyeweza kuufikia ukurasa wa usimamizi wa faiawoli za kampuni hiyo aliingia kama msimamizi, tena bila nenosiri. Katika kipimo cha ukali kinachoishia 10, udhaifu huo ulipewa 9.3. Tangazo lilelile likaeleza kwamba pale ukurasa huo unapofikika tu kutoka kwenye kompyuta maalumu iliyoteuliwa, alama hushuka hadi 5.9. Programu ni ileile na kosa ni lilelile. Kilichotofautiana ni orodha fupi ya anwani za IP.

Orodha hiyo ndiyo mada ya mhadhara huu. Kwa watumiaji wa Check Point, kampuni ya Israeli iliyoanzishwa 1993, hiyo ni orodha ya kompyuta zinazoaminika: zile zinazoruhusiwa kubisha hodi kwenye seva inayoziongoza faiawoli zote. Kanuni za faiawoli zinaweza kufika maelfu, na watu huzibishania vikaoni. Orodha hii huandikwa siku ya kwanza, kisha husahaulika. Wakati wa kusakinisha, fundi huulizwa achague: kompyuta moja, mtandao fulani, anwani za kuanzia hapa hadi pale, au anwani yoyote. Mwenye haraka (na siku ya kusakinisha nani hana haraka?) huchagua “yoyote”, akijiambia atarudi kurekebisha.

Serikali ya Marekani ilichoka kusubiri mafundi warudi. Juni 2023 shirika lake la usalama wa mitandao, CISA, lilitoa agizo namba 23-02 kwa taasisi za kiraia za serikali kuu. Kurasa za usimamizi zinazoonekana kwenye intaneti ziondolewe huko, au ziwekwe nyuma ya kizuizi kinachojitegemea, ndani ya siku 14 tangu zigunduliwe. Ofisi yenye faiawoli moja hulimaliza hilo kabla ya chai ya saa nne. Benki yenye matawi mikoa yote haiwezi kwa mkono.

Hapo ndipo skripti inapoingia. Tangu toleo la R80 la 2016, seva ya Check Point hupokea amri kupitia API, yaani njia ya programu moja kuiagiza nyingine, na matoleo ya karibuni yana amri ya kuongeza, kubadilisha au kufuta kompyuta inayoaminika. Zamani fundi alilazimika kuingia kwenye seva yenyewe na kupita menyu moja baada ya nyingine. Chombo kama Ansible hufanya kazi kwa namna nyingine: orodha inayotakiwa huandikwa kwenye faili la kawaida, fundi mwenzake hulipitia na kuliidhinisha, kisha chombo hulinganisha faili na seva na kugusa panapotofautiana tu. Mabadiliko hayaanzi kazi hadi yachapishwe rasmi kwenye seva, hatua ambayo waandishi wengi wa skripti huisahau mara ya kwanza.

Wengi husifu kasi ya kuongeza. Faida kubwa iko kwenye kufuta. Anayetaka kuongezwa hupiga simu, hulalamika, hata humpandia meneja. Hakuna anayepiga simu aondolewe. Mkandarasi akishamaliza kazi yake, anwani yake hubaki. Mwaka unaofuata mtoa huduma wa intaneti anaweza kumpa mtu mwingine kabisa anwani ileile. Kwa hiyo kila mstari wa faili ubebe jina la mwenye nao, sababu, na tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika, skripti ifute bila kuomba ruhusa.

Lakini mashine inayofuta haraka hujifungia nje haraka vilevile. Tarehe 4 Oktoba 2021 amri moja ya matengenezo ndani ya Facebook ilikata mtandao mkuu unaounganisha vituo vyake vya data. Programu ya kukagua amri za aina hiyo ilikuwepo, ila ilikuwa na hitilafu na haikuizuia. WhatsApp, mali ya kampuni hiyohiyo, ikanyamaza kwa takriban saa 6, Dar es Salaam, Mombasa na Muscat bila kubagua. Wahandisi hawakuweza kuingia kwa mbali, maana njia zao nazo zilitegemea mtandao uleule. Ikabidi watu wapelekwe kwenye vituo vyenyewe.

Vifaa vya mtandao vya Juniper vina dawa ya zamani: mabadiliko huwekwa kwa majaribio, na msimamizi asipothibitisha ndani ya dakika 10, kifaa hurudia hali ya awali chenyewe. Pale ambapo mfumo hauna kipengele hicho, skripti iige: ihifadhi orodha ya zamani, iweke mpya, ijaribu kuingia upya kutoka kompyuta ya pili, na ikishindwa irejeshe. Kompyuta inayoendesha skripti nayo imo kwenye orodha na hushika ufunguo wa API, hivyo ilindwe sawasawa na seva yenyewe. Mstari mmoja tu usiachiwe mashine kuufuta: ule wa kompyuta ya dharura iliyo ndani ya chumba cha seva, ambayo fundi huifikia kwa miguu yake.