Mtani Wako Ni Nani? Kuwatafuta Wasomaji wa Visa vya Kuchekesha Mtandaoni



Nimeombwa nizungumzie namna mwandishi anayesimulia vituko vya maisha yake anavyoweza kupata wasomaji mtandaoni. Najua baadhi yenu mmefungua madaftari mkisubiri niwatajie saa nzuri ya kuposti na picha ya kuweka juu ya andiko. Hayo yanafundishwa kila kona na yanabadilika kila baada ya miezi michache, kwa hiyo sitayagusa. Nina hoja moja tu: kisa cha kuchekesha hakitafuti umati, kinatafuta watani.

Chukueni utani wa makabila Tanzania: Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo wanataniana. Wanyamwezi na Wazaramo walikutanishwa na misafara ya biashara kati ya bara na pwani, nao wanataniana. Mtani huingia msibani, akaigiza mwendo wa marehemu, akadai deni ambalo halikuwahi kuwapo, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Maneno hayohayo ayaseme mpita njia, atatolewa nje mkukumkuku. Tazameni pia mitandao asubuhi baada ya Simba na Yanga kucheza. Klabu hizo za soka zipo tangu miaka ya 1930, na zinaitwa watani wa jadi kwa sababu nzuri: aliyefungwa anajua kitakachomfika, na aliyefunga anajua zamu yake itakuja. Hakuna anayehitaji kuelezwa kilichomchekesha mwenzake.

Mwandishi wa mtandaoni huyasahau haya. Anaandika kisa, anakirusha kwa kila mtu, halafu anashangaa kwamba nusu ya waliokisoma wamenuna.

Tuchukue mfano. Mwandishi wa Dar es Salaam ameandika hivi: "Nilipoahidi laki moja ya kadi ya watu wawili nilikuwa nimeshashusha bia mbili za kamati. Sasa narudi nyumbani kwa njia ya makaburini. Mweka hazina anaogopa makaburi, mimi namwogopa mweka hazina." Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Tanzania Bara anacheka kabla hajafika mwisho, maana na yeye ana mweka hazina wake anayemkwepa. Msomaji wa Nairobi ataelewa bila shida. Na huko watu huamka wakajikuta wameingizwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya harusi ya mtu wasiyemkumbuka vizuri. Lakini mpelekeeni mzee wa Muscat mwenye asili ya Unguja. Kiswahili chake huenda ni kizuri kuliko cha mwandishi, ila atauliza: mgeni analipaje ili aalikwe? Ukianza kumfafanulia kiwango cha mchango kwa kadi ya mtu mmoja na ya wawili, kicheko kimekufa mikononi mwako. Kwa hiyo msidhani kila msomaji wa Kiswahili ni msomaji wenu. Kinachounganisha watani wa mtandaoni ni aibu wanayoifahamu wote, na aibu hiyo yaweza kuvuka mpaka wa nchi huku ikishindwa kuvuka mtaa.

Je, mtu akikosa watani walio tayari? Huwalea. Hapa sijaona mwalimu kama Wahome Mutahi wa Kenya, aliyefariki mwaka 2003. Safu yake ya Whispers, iliyosomwa sana kwenye Sunday Nation, ilikuwa ya Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, Kikuyu na lugha ya mtaani. Ilihusu nyumba moja: baba mwenye makuu na mfuko mtupu, mkewe aliyepachikwa jina la Thatcher, mwana mkorofi, na binti aitwaye Pajero. Wiki baada ya wiki ni walewale. Msomaji aliyekuwa mgeni Jumapili ya kwanza, baada ya muda alikuwa jirani wa nyumba hiyo. Ikitajwa Thatcher tu, ameshaanza kutabasamu. Wengi wetu hutupa kituko kimoja leo cha daladala, kesho cha ofisini, keshokutwa cha siasa, na msomaji hapati mlango wa kuingilia. Pelekeni watu wachache walewale, siku ileile ya wiki, mpaka msomaji aanze kuwauliza wanaendeleaje.

Wapo watakaosema watani wao wako mbali. Inawezekana. Mwandishi Mkenya Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa simulizi ya safari yake ya kurudi nyumbani, na kilichoitoa kwanza ni jarida la mtandaoni. Mwaka 2005 jarida la Granta la Uingereza likachapa andiko lake la kejeli kuhusu namna ya kuandika juu ya Afrika, lililotokana na barua pepe aliyoliandikia jarida hilo kwa hasira. Alipeleka kejeli kwenye baraza la watu walewale aliokuwa akiwacheka, na wao wakaisambaza. Sishauri kila mtu ajaribu. Lazima uwe unawajua unaowacheka kuliko wanavyojijua.

Kuhusu mahali pa kuchapisha, nitasema kwa ufupi. Msianzie kundi la familia. Kwa mila za wengi wetu mjukuu humtania bibi, lakini mkwe hatanii mkwe, na kundi la familia lina wakwe wa kila upande. Kisa cha mama mkwe na jogoo wake kitasomwa kama taarifa ya ugomvi. TikTok ina watu, ila ni baraza la sura na sauti. Mwenye kalamu huko ni mgeni. X ilifungiwa Tanzania Mei 2025, hivyo anayeandikia Watanzania huko ajue huenda amewaweka wasomaji wake nyuma ya ukuta. Facebook, wanayoisema vijana kuwa ni ya wazee, bado inavumilia andiko refu, na maandishi hayamalizi bando la mtu. Hadithi nyingi za Kiswahili zinazotolewa kwa sehemu zimepata wateja wao hapo, kisha mwandishi akauza sehemu zilizobaki kwa M-Pesa.

Tahadhari moja ni kuhusu kusambazwa. WhatsApp ikishaona ujumbe umepitishwa mikono mitano, huuwekea mishale miwili, na tangu Aprili 2020 huwezi kuupeleka zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Waandishi huiona mishale hiyo kama nishani. Mimi naiona kama dalili kwamba andiko limeshapoteza jina la mwenyewe, na kituko kisicho na mwenyewe husomwa kama habari. Hapo ndipo penye hatari: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayogusa pia taarifa za uongo. Tieni jina lenu ndani ya kisa chenyewe, katika sentensi za mwanzo, si chini ambako mtu atalikata.

Sasa, utajuaje umewapata watani wako? Vikaragosi vya kucheka vinadanganya. Mtu huvibonyeza akiwa foleni ya benki. Mtani hujibu. Ukimwandikia kuhusu mweka hazina, naye anakusimulia alivyojifungia chooni mweka hazina wake alipogonga. Majibu kumi ya namna hiyo nayathamini kuliko kubonyezwa mara elfu, kwa sababu watu hao kumi watarudi, na baadhi yao watakuletea wenzao wenye aibu ileile.

Ombi langu kwa kikao: mchana tutakapogawanyika, kila mmoja asome kisa chake kimoja mbele ya watu wasiomjua, bila utangulizi wala ufafanuzi. Pale msikilizaji atakaposhindwa kuvumilia na kuanza kusimulia lake, msomaji aweke alama pembeni mwa mstari huo. Alama hizo ndizo ninazoomba tuzijadili jioni, na wasio na hata moja nao waje na maandiko yao.