Kamera ya Bei Ghali: Tunanunua Picha au Jina?



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kifaa ambacho kimekuwa alama ya hadhi katika harusi na mahafali yetu, nacho ni kamera ya bei ghali. Hatukusudii kumlaumu yeyote apendaye kitu kizuri. Tunachotaka ni kila mlaji atambue, kabla hajatoa fedha yake, ni sehemu gani ya bei inalipia kazi ya kamera na ni sehemu gani inalipia jina.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2012 kampuni ya Hasselblad ya Uswidi, ambayo kamera zake zilitumiwa na wanaanga wa Marekani mwezini mwaka 1969, ilitangaza kamera iliyoitwa Lunar. Ilipambwa kwa mshikio wa mbao, ngozi au nyuzi za kaboni, na bei yake ikawa takriban euro 5,000. Lakini msingi wake ulikuwa Sony NEX-7, kamera iliyokwisha kuwapo madukani kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, yenye kitambuzi cha mwanga cha megapikseli 24. Aliyenunua Lunar hakuwa na sababu ya kutarajia picha bora zaidi. Ziada aliyoitoa ililipia mapambo na jina. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika soko la leo, mara nyingine linalojiuza ni jina.

Kinyume chake, Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mmoja wa wapiga picha mashuhuri wa karne iliyopita, aliziba kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica, ili watu wasiitambue. Alithamini kamera ndogo, nyepesi, isiyovuta macho ya watu.

Haya yanatugusa hata sisi. Wapo vijana wapiga picha wanaokopa ili waonekane na kamera kubwa, wakiamini kwamba mteja hupima kazi kwa kifaa. Na tuseme kweli: hawakosei kabisa, maana sisi wateja ndio tuliowazoesha hivyo. Lakini rejesho la mkopo hudaiwa kila mwezi, hata wakati wa Ramadhani na Kwaresima, ambapo harusi huadimika. Kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya heshima huishia kuuzwa kwa hasara, na deni likabaki. Kwa hiyo, unapomwajiri mpiga picha, omba kuona kazi alizokwisha kufanya, wala usiulize jina la kamera yake.

Kwa anayekusudia kununua, tunashauri haya:

Kwanza, bainisha kazi unayotaka kuifanya. Ikiwezekana, ikodi kamera hiyo kwa siku moja, kisha linganisha picha zake na za kamera ya bei nafuu zaidi.

Pili, hesabu gharama yote: lenzi, betri za akiba, kadi za kumbukumbu na matengenezo. Lenzi nzuri yaweza kukufaa hata baada ya kamera yenyewe kupitwa na wakati.

Tatu, kama kamera imekwisha kutumika, uliza imepiga picha ngapi, kwa kuwa kifunga mwanga huchakaa kadiri kinavyofanya kazi. Imulike lenzi kwa tochi utafute kuvu, ambayo hupenda unyevu, hasa katika miji ya pwani. Hakikisha namba iliyo kwenye kamera inalingana na ile ya kwenye boksi na ya kwenye hati ya dhamana.

Nne, uliza kama dhamana hiyo inatambuliwa hapa nchini, na ni nani atakayeitengeneza kamera ikiharibika. Dai risiti inayotaja aina na namba ya kamera, nawe uitunze. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Lakini malalamiko yasiyo na risiti ni magumu kuyathibitisha.

Mwenye uwezo akipenda kulipia jina, ni haki yake, mradi alipe akijua, na kwa fedha yake mwenyewe.