HATI YA MADAI: TUANDIKE NINI TUENDAPO KORTINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tawi limetuomba tuzungumze juu ya karatasi moja tu. Karatasi hiyo ni hati ya madai, yaani ile hati ambayo mtu huiandika apelekapo shauri lake kortini. Wengine watasema, hiyo ni kazi ya wakili, sisi yatuhusu nini? Tutawajibu kwa habari za ndugu mmoja wetu.

Ndugu huyu alikuwa askari wa lango kwa miaka 7. Mshahara wake ulikuwa Shs. 20,800 kwa mwezi. Asubuhi moja aliambiwa arudishe yunifomu aende zake. Hakuelezwa kosa, hakuitwa ajitetee, wala hakupewa notisi. Akamwendea mtu mjini, akaandikiwa hati ya ukurasa mmoja. Hati ilieleza kufukuzwa kwake, na mwisho ikasema, "Mdai anaomba alipwe haki zake zote za kisheria." Basi.

Shauri lilisikizwa, naye akashinda juu ya kufukuzwa. Lakini alipoanza kueleza kwamba hakupewa likizo kwa miaka 2 ya mwisho, wakili wa tajiri alisimama akasema jambo hilo halimo katika hati. Jaji akaitazama hati, na kweli halikuwamo. Tumepiga hesabu wenyewe: siku 42 za likizo, kila siku Shs. 800, jumla Shs. 33,600. Fedha hiyo aliitolea jasho. Haki alikuwa nayo. Kilichomponza ni mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Ndiyo sababu twasema hati ya madai ni mali ya mwenye shauri kabla haijawa kazi ya wakili. Wakili ajua sheria, lakini siku ulizofanya kazi wazijua wewe.

Hati hii ni kitu gani

Hati ya madai humwambia jaji na tajiri mambo matatu: ni nini kilichotokea, ni haki gani iliyovunjwa, na wewe wataka nini. Korti zetu za Kenya zimesema mara nyingi kwamba kila upande hufungwa na hati yake. Ushahidi usio na mizizi katika hati hauna pa kushika, hata ukiwa wa kweli. Tena Mahakama ya Rufani ilisema mwaka wa 1985 kwamba hasara yenye hesabu yake maalum lazima itajwe waziwazi katika hati, kisha ithibitishwe barabara. Si haki kumshtukiza mtu kizimbani kwa jambo ambalo hakuambiwa alijibu. Sheria hiyo hutulinda sisi pia, maana hata tajiri hawezi kuzua kortini kosa jipya ambalo hakulitaja katika majibu yake.

Kwanza tutazame saa na mlango

Kabla ya kushika kalamu, uliza: muda ungalipo? Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, shauri la kazi hupelekwa kortini kabla miaka 3 haijapita. Hesabu huanza siku ya kufukuzwa. Kuna wengi waliokaa wakingoja kesi ya polisi imalizike kwanza. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufani ilikata kwamba kungoja huko hakusimamishi saa. Wala mazungumzo na tajiri hayaisimamishi. Na kwa madhara yaendeleayo, kama malipo yaliyokuwa yakipunjwa kila mwezi, muda ni mfupi zaidi: miezi 12 tangu yalipokoma. Na chama kikitaka kupeleka ugomvi wa kufukuzwa kwa Waziri ili watu wapatanishwe, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yataka jambo hilo lipelekwe kabla ya siku 90. Kwa hivyo msikae na barua ya kufukuzwa chini ya godoro. Ileteni ofisini juma hilo hilo.

Kisha uliza: ni mlango upi? Ile korti tuliyozoea kuiita Korti ya Viwanda, iliyoanza mwaka wa 1964, leo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Huko mtu aweza kusimama mwenyewe, au kusimamiwa na wakili, au na ofisa wa chama chake. Tena kwa tangazo la Gazeti la Serikali la 2018, wako mahakimu waliopewa uwezo wa kusikiza mashauri ya wafanyi kazi ambao mshahara wao hauzidi Shs. 80,000 kwa mwezi.

Lakini aliyeumia kazini asikimbilie kortini. Madai yake huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, chini ya Sheria ya Fidia ya mwaka wa 2007, na Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo mwezi wa Desemba 2019. Hati nzuri iliyopelekwa kwenye mlango usio wake ni kazi bure.

Namna ya kuiandika

Jambo la kwanza ni majina. Jina la tajiri si lile lililopakwa rangi juu ya lango. Tazameni barua ya kuajiriwa, cheti cha mshahara, au makato ya N.S.S.F. Hapo ndipo huonekana jina lililoandikishwa. Ukishinda dhidi ya jina lisilokuwako, utamkamata nani?

Jambo la pili ni habari yenyewe. Iandikwe kwa mafungu yenye nambari, kila fungu na jambo lake moja, na mambo yafuatane kwa tarehe: siku uliyoajiriwa, kazi yako, mshahara wako, saa zako, yaliyotokea, na siku uliyotolewa. Mkiandika hivyo, tajiri itambidi ajibu fungu kwa fungu, akubali au akane. Mkichanganya mambo kumi katika fungu moja, atakana lote kwa neno moja, nanyi hamtajua ni lipi analobisha.

Sikilizeni tofauti. Mtu mmoja aandika: "Meneja ni mtu mbaya sana, aliyenitesa na kunionea bila huruma kwa miaka mingi." Hapo jaji amejua nini? Amejua una hasira. Mwingine aandika: "Tarehe fulani, saa 2 asubuhi, meneja alimwamuru mdai arudishe yunifomu na kuondoka. Mdai hakuelezwa kosa. Hakuitwa kwenye kikao cho chote. Hakuruhusiwa kuja na mwenzake wala mwakilishi wa chama." Huyu hakutukana mtu, lakini kila sentensi yake ni msumari.

Kwa nini msumari? Kwa sababu kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chataka tajiri amweleze mfanyi kazi kosa lake katika lugha aifahamuyo, akiwapo mwenzake au mwakilishi wa chama katika kazi hiyo, na asikize majibu yake kabla hajakata neno. Kifungu cha 43 chamtaka tajiri athibitishe sababu ya kumwondoa mtu. Kifungu cha 45 chakataza kumwondoa mtu isivyo haki. Andikeni mambo yanayogusa vifungu hivyo, kisha mvitaje vifungu vyenyewe.

Jambo la tatu ni hesabu. Hapa ndipo ndugu yetu alipoangukia. Kila dai lipewe mstari wake na jumla yake. Kwa mfano wa mshahara wake wa Shs. 20,800, ingaliandikwa hivi:

Mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi: Shs. 20,800.
Likizo ya miaka 2, siku 21 kila mwaka, jumla siku 42, kwa Shs. 800 kila siku (mshahara wa mwezi kugawanywa kwa siku 26 za kazi): Shs. 33,600.
Fidia ya kufukuzwa isivyo haki, isiyozidi mishahara ya miezi 12: hadi Shs. 249,600.

Juu ya hiyo miezi 12, tusidanganyane. Kifungu cha 49 chasema isizidi hapo. Hakisemi kila mtu atapata yote. Jaji hutazama umefanya kazi muda gani, kama nawe ulikuwa na kosa, na mengine. Kama ulifanya kazi siku za sikukuu, zitajeni siku hizo moja moja. Kama ulikuwa na ovataimu, andika saa kwa saa, mwezi kwa mwezi. Neno "ovataimu ya miaka mingi" halina hesabu ndani yake.

Jambo la nne ni maombi, nayo huja mwisho. Ombeni korti itamke kwamba kufukuzwa hakukuwa kwa haki, ombeni kila fedha iliyo katika hesabu, cheti cha utumishi, riba, na gharama za shauri. Lisiloombwa msilitazamie.

Karatasi zifuatanazo na hati

Hati haiendi peke yake. Huandamana na hati ya kiapo ya kuthibitisha madai, orodha ya mashahidi na maneno yao yaliyoandikwa, na nakala za karatasi zenu: barua, vyeti vya mshahara, hata ujumbe wa simu. Siku hizi karatasi hizi huingizwa kortini kwa mtandao, lakini lazima kwanza ziwepo. Kama huna mkataba wa kuandikwa, usikate tamaa. Kumwandikia mfanyi kazi mkataba ni wajibu wa tajiri, na akishindwa kuuleta kortini, ni juu yake kukanusha yale unayosema mlipatana. Lakini sharti uyaseme katika hati.

Tena hapa tunalo onyo kubwa. Karatasi hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Wengi wetu hupewa kalamu na kuambiwa, "Weka sahihi hapa." Ndugu, msiweke sahihi juu ya maneno msiyoyajua. Hati ya kiapo ni kiapo. Siku ya kusikizwa utaulizwa, "Hapa umesema uliajiriwa mwaka wa 2015, mbona sasa wasema 2013?" Kosa litakuwa la karani, lakini atakayeonekana mwongo ni wewe. Mwambieni wakili, au ofisa wetu, awasomee kila fungu kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, na palipo na kosa parekebishwe kabla ya sahihi. Wakili mwema hatakasirika. Na kama hamjui kusoma, hiyo si aibu. Ombeni iandikwe katika kiapo kwamba mlisomewa mkaelewa.

Tusiongeze chumvi

Wako wanaodhani kwamba ukidai nyingi utapewa angalau nusu. Hiyo ni hesabu ya sokoni. Kama ulipewa likizo mwaka mmoja, sema ulipewa. Tajiri akitoa karatasi yenye sahihi yako ya likizo uliyoikana, jaji ataanza kutilia shaka hata yale ya kweli. Na kama mlikosa kazini, kosa hilo lielezeni wenyewe kwa maneno yenu, msingoje lielezwe na wakili wa upande wa pili.

Na ikiwa hati imekwisha kuingia nanyi mkaona mmesahau jambo? Korti huruhusu hati irekebishwe, na mapema ni rahisi kuliko baadaye. Majibizano yakiisha kufungwa itawabidi kuomba ruhusa, na jaji atauliza kwa nini mmechelewa. Yule askari wa lango alikuwa na miezi mingi ya kurekebisha hati yake. Hakuna aliyemwambia. Nasi wa chama tumekubali kwamba lawama hiyo ni yetu pia, maana hatukuwa tumewafundisha wanachama jambo hili.

Basi, ndugu, kazi yaanza leo, kabla ya ugomvi wo wote. Kila mmoja anunue daftari. Aandike humo siku aliyoajiriwa, mshahara wake na kila ulipobadilika, likizo alizopata na alizonyimwa, sikukuu alizofanya kazi. Vyeti vya mshahara aviweke pamoja. Aliye na shauri mkononi aje ofisini na karatasi zote, hata zile anazoziona hazina maana, nasi tutakaa naye tuzisome fungu kwa fungu mpaka aridhike kwamba maneno yaliyomo ni yake.

Sasa Bwana Mwenyekiti ataruhusu maswali.