Dhima ya Askari ni ya Nani?
Maneno tuliyoyasema mbele ya wenzetu, Tukuyu



Sisi watu wa duka twaijua khabari moja bila ya kusomea sharia. Ukimtuma kijana wako apeleke gunia, akavunja kioo cha jirani kwa uzembe, jirani atakuja kwako wewe mwenye duka. Kijana utamkaripia, lakini kioo utakilipa. Na Serikali hali ni hiyo hiyo: Sharia ya Mashauri dhidi ya Serikali, ya mwaka 1967, yasema kwamba mtumishi wake akimdhuru mtu katika kazi yake, Serikali yaweza kudaiwa.

Lakini mlango huo ulitiwa kufuli. Ilipasa kwanza Waziri akupe ruhusa ya kushitaki. Yaani mdaiwa ndiye aamue kama adaiwe au asidaiwe. (Mwenye duka gani angeikataa sharia kama hiyo!) Mahkama ya Rufani ililivunja kufuli lile mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Mwaka 1994 likawekwa sharti jingine: taarifa ya maandishi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu.

Twayasema haya hapa khasa kwa sababu ya Daudi Mwangosi, mwana wa wilaya hii. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, naye yumo katika kazi yake ya uandishi wa khabari, askari walimzunguka, wakampiga, akauawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Julai 2016 Mahkama Kuu, Iringa, ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila ya kukusudia. Askari mmoja! Nani alitoa amri siku ile?

Kituo kinachoiogopa dhima huandika: nani kaamrisha, silaha gani imetoka ghalani, mikononi mwa nani, na mshitakiwa kaingia saa ngapi, maana asiye na hati ya kukamatwa hufikishwa mahkamani kabla ya saa 24. Daftari hilo humlinda hata askari mnyonge aliyetumwa.

Nanyi andikeni. Namba ya askari, saa, mashahidi. Aliyeumizwa achukue fomu ya PF3 upesi. Na ile taarifa ya siku 90 ipelekeni kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.