Gari Lililo Nyuma ya Baba
(Hotuba ya Kamati kuhusu picha za zamani)



Wengi wetu tulitoka Bujumbura bila hati yoyote. Baadhi yetu tulificha picha moja ndani ya nguo. Baba amesimama, nyuma yake kuna gari. Waliomfahamu wamekufa au wametawanyika, na watoto wanauliza: hapa ni wapi, tena mwaka gani? Gari hilo linaweza kutujibu kidogo.

Kwanza, tazameni usukani. Burundi na Kongo magari hupita kulia, kwa hiyo tangu enzi za Wabelgiji usukani ulikuwa kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda ni kinyume. Lakini someni pia maandishi ya ukutani. Yakiwa yamegeuka, picha ilisafishwa kinyume, na usukani utawadanganya.

Pili, umbo. Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe ilikuwa na kioo cha nyuma cha vipande viwili hadi 1953. Kikafuata kioo kimoja cha umbo la yai hadi 1957, kisha kikapanuliwa. Peugeot 403 ya mviringo ilianza 1955. Peugeot 404, ambayo pembe zake za nyuma zimechongoka kama mapezi ya samaki, ilitoka 1960. Basi picha yenye 404 haiwezi kuwa ya 1955, hata shangazi akiapa.

Hata hivyo, gari hutuambia mwanzo tu, halituambii mwisho. 404 iliweza kutembea miaka ishirini. Hapo tafuteni jina la mji kwenye vibao: Usumbura ni jina lililotumika hadi wakati wa uhuru, mwaka 1962.

Tatu, tusidai mali kwa picha. Watu wengi walipenda kupigwa picha kando ya gari la mwingine. Picha si hati ya kiwanja wala kadi ya gari. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye wazazi wake walikimbia mwaka 1972 au 1993, si jambo dogo kujua kwamba babu yake alisimama katika barabara ya Buyenzi, akiwa na viatu miguuni, akicheka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye picha, andikeni majina nyuma kwa penseli, taratibu. Watumishi wa mashirika, mkisaidia kutoa nakala, rudisheni picha yenyewe siku hiyo hiyo, maana haina pacha. Vijana, nendeni kwa wazee waliokuwa madereva na makanika. Wao hulitambua gari kwa taa zake tu, nao wanatuondoka mmoja mmoja. Waulizeni wangali nasi.